Mshika Chuma wa Ndani

Asubuhi Emiliana alijifunga kanga, akaingia ndani ya bodi la ndege, lile tumbo refu la kukaa watu, lililolazwa uani kwake Makole. Akashika kipande chake cha chuma chembamba. Nje, mumewe Thomas alichomeka ribiti, kipini cha kuungia mabati, kwenye tundu la bati, akagonga kwa nyundo. Ndani, Emiliana aliikandamizia chuma mpaka ncha ikabonyea. Ribiti haipigwi na mtu mmoja.

Thomas alikuwa fundi wa karakana ya serikali mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Kiinua mgongo chote kikawa mabati. Siku hizi kila kitu ruksa, alisema, hata mtu kuwa na ndege yake; atabeba wabunge kwenda Dar. Injini itapatikana tu.

"Baba Anyesi, mvua i karibu," alisema mkewe. "Niache niende Kongwa nikapande uwele. Tutakula nini mwakani?"

"Tumalize upande huu kwanza."

Walipoumaliza, kulikuwa na mwingine. Na bodi la ndege, kadiri unavyokwenda mkiani ndivyo linavyobana. Emiliana naye akaanza kupungua. Hakukonda, alipungua mzima mzima. Kwanza gauni liliburuzika chini. Kisha akavaa sare ya shule ya binti yao Anyesi, nayo ikampwaya. Jirani yake Elieth alikuja kuazima kinu, akamkuta amekaa kigodani, miguu haifiki chini.

"Mama Anyesi, umekuwa wa kubebwa mgongoni sasa."

"Basi nibebe, unifikishe Kongwa."

Wakacheka. Elieth akachukua kinu, akaenda zake.

Mvua ya kwanza ilimkuta mkiani, amepiga magoti vizuri tu kama aliye kanisani. Harufu ya udongo ilimfikia. Akaomba kutoka. Thomas akasema limebaki bati moja. Emiliana alijua bati lile linaziba wapi. Wakaligonga wote wawili, huyu nje, huyu ndani, mpaka ribiti ya mwisho.

Wanajumuiya wa kanisani walikuja kumwona, wakapiga hodi kwenye bati.

"Karibuni," alijibu, "ila viti ndiyo hakuna."

Wakaimba, wakaiombea ndege ipate injini. Anyesi akawa anamlisha mama yake uji kwa kijiko, kupitia tundu la nyaya ambamo kichwa hakikupita. Kule Kongwa waliopanda wakapalilia. Shamba la Emiliana likaota magugu.

Ndipo Thomas akaanza bawa. Bawa ni jembamba kuliko mkia. Akamwita Anyesi, akampima mkono kwa futi, akaridhika. Akainama kwenye tundu.

"Mama Anyesi, nipitishie hicho chuma."

"Sikitoi."

"Mtoto anakihitaji."

"Ndiyo maana sikitoi."

Alikikumbatia kwa mikono na miguu.  Thomas hakukasirika. Akavaa viatu, akaenda kwa wauza vyuma chakavu kutafuta kingine.