Chungu Kisichofunuliwa

Kwa jina la Mola, Mwenye kulaza na Mwenye kuamsha, na rehema zimshukie Mtume wake. Usiku wa jana niliota, na niliyoyaona nayaeleza kama yalivyokuwa.

Nyumbani tumo watatu: mimi mzee wa mkongojo na mashairi, binti yangu Zuwena, mpimaji damu katika maabara ya hospitali, ambaye mumewe alitangulia mbele ya haki, na mwanawe Raifa, aliyeng'oka meno ya mbele. Kila alfajiri Zuwena hubandika chungu cha maharagwe juu ya makaa machache, hufukia moto kwa jivu, hupalia makaa mengine juu ya mkungu, kile kifuniko cha udongo, kisha huenda kazini. Jioni huepua, hupakua, husema, "Karibuni." Kabla ya neno hilo, katika nyumba yetu hakuna mkono uingiao siniani.

Ndotoni naingia jikoni. Chungu kimevaa miwani.

"Asalamu alaikum, mzee," kinasema. "Binti yako analalamika kwamba kazi na nyumba havikai pamoja. Nimempa dawa: kila kitu kitiwe ndani, moto uwe wa pole, na asitokee mtu wa kufunua."

Zuwena anatii. Anatia kiti chake cha maabara, anatia sare ya Raifa, anatia usingizi wake alioukunja vizuri kama kanga. Chungu kinaonja.

"Hakijakolea."

Basi anavua viatu na kuingia mwenyewe. Kifungo cheupe cha koti lake la kazi kinakatika na kumfuata ndani. Mkungu unafunika. Makaa yanapaliwa.

Nageuka, jiko limekuwa maabara. Upawa uliovaa tai unaita majina ya wafanyakazi.

"Zuwena yuko kazini?" nauliza.

"Yuko kazini na yuko nyumbani," Upawa unajibu. "Kwa wakati mmoja. Mlitaka nini zaidi?"

Raifa ananivuta kanzu. "Babu, nina njaa."

"Ngoja mama yako aseme karibuni."

"Atasemaje, na mboga ndiye yeye?"

Kutoka chini ya mkungu ikaja sauti ya Zuwena, laini kuliko nilivyoizoea.

"Baba, Raifa amekula?"

"Hajala. Twakungoja wewe."

"Subirini kidogo. Nakaribia kuiva."

Nanyoosha mkono. Chungu kinavua miwani.

"Ukifunua, mvuke unatoka na siku yake inaanza upya. Usipofunua, jioni chakula kitakuwa tayari, laini, kitamu, ila hapatakuwa na wa kuwakaribisha. Chagua, shekhe. Si wewe bingwa wa mashairi? Tafuta kina."

Natafuta. Hakiji kina. Nafunua.

Zuwena anatoka, kimo chake kimepungua, hamzidi Raifa. Anajifuta mvuke usoni. Hakasiriki, na hilo ndilo lililonichoma.

"Umefunua, Baba. Basi naanza upya."

Anavaa viatu, vinampwaya, anaenda kazini.

Nikazinduliwa na adhana. Niliporudi kutoka msikitini, Zuwena alikuwa amekwishatoka. Nikaingia jikoni. Mkungu ulikuwa sakafuni, makaa yake yametawanyika. Maharagwe yalikuwa magumu kama kokoto, na juu ya maji kilielea kifungo cheupe cha koti. Nikakitoa, nikakibonyeza kwa kidole. Kikabonyea kama harage lililoiva.

Nikarudisha mkungu, nikapalia makaa.

"Babu," Raifa aliniita kutoka mlangoni, "mama atarudi mapema leo?"

"Ameanza upya, mjukuu wangu. Keti tumngoje."

Ewe Mola, uliyemchukua baba wa mtoto huyu, wahifadhi waliobaki. Mrejeshe aliye mbali akiwa mzima, kwa kimo chake chote, na jioni utusikilizishe "karibuni" kutoka kinywani mwake mwenyewe. Amina.