Kijiko Kilichofungwa Kamba

Wazazi wenzangu, nina neno. Mwenye mtoto mbishi asome mpaka mwisho.

Binti yangu aliamua kuvuka nchi kwa mbio, kutoka mpaka huu hadi ule, peke yake, begi mgongoni. Kaka zake walimcheka mpaka wakakaa chini. "Kama huna nauli si useme tukuchangie!" Yeye akafunga kamba za viatu.

Sisi kwetu ni waoka mikate. Mume wangu alikuwa na mtindo wake: mikate ikiwa ndani ya tanuri, yeye husinzia amesimama, ameegemea meza ya unga, kijiko cha chuma mkononi. Usingizi ukimzidi vidole vinalegea, kijiko kinaanguka sakafuni, kwaa! Anashtuka, na mikate haiungui. Watoto wangu wamekua na mlio huo. Basi binti alipoondoka, akachukua kijiko kimoja.

"Nikisinzia njiani kitaniamsha," alisema.

"Hicho ni cha kungojea mikate, mwanangu, si cha kuvukia nchi."

"Mwache, mama watoto," mume wangu akadakia, kifua mbele. "Huyo ni mtoto wa tanuri."

Siku za mwanzo akipiga simu ni kulalamika tu. Magoti, kucha zinang'oka, usingizi unamvuta kama mtu anamshika shati. Nikawa sili. Halafu sauti ikabadilika. "Sijambo, mama. Sichoki tena." Baba yake akapiga makofi: "Umesikia? Mwili umezoea!" Mimi sauti ile sikuipenda. Ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Njia yake ilikuwa inapita mbele ya duka letu. Tulikubaliana akifika aingie, ale, alale kitandani kwake. Siku ya kufika, mchana, nikasimama nje na beseni la maji na taulo begani. Nikamwona kwa mbali anakuja, amekonda, midomo imepasuka, lakini anakuja! Nikapaza sauti, "Huyo! Huyo mwanangu!"

Akafika mbele yangu. Macho yako wazi kabisa. Akanitazama usoni, mimi niliyemzaa.

"Shikamoo, mama," akasema, vile unavyomsalimu mtu usiyemjua njiani. "Samahani, kwetu bado mbali?"

Akanipita.

Beseni likanianguka miguuni. Ndipo nikaona kijiko. Kilikuwa kinaning'inia kwenye kifundo cha mkono wake, kimefungwa kamba, kinapigapiga paja lake. Kisingeweza kuanguka hata kidogo.

"Baba watoto! Mtoto amelala! Anakimbia amelala!"

Mume wangu akatoka na unga mpaka viwikoni, akarukia baiskeli ya kusambazia mikate. Mimi nyuma yake, ndala moja mguuni, nyingine sijui ilibaki wapi. Mbele kuna mteremko unaoshukia barabara kuu, na lori lilikuwa linakuja, linapiga honi, linapiga honi. Binti yangu hakugeuza hata shingo. Akaingia katikati ya barabara taratibu, anatabasamu.

Mume wangu aliitupa baiskeli, akamdaka kwa begi, wakaangukia mtaroni wote wawili. Upepo wa lori ulinipiga usoni. Dereva alisimama mbele huko, akarudi kwa miguu, jasho linamtoka.

"Mzee, huyu haoni?"

"Anaona," mume wangu akasema, anahema. "Amelala."

Binti akapepesa macho. "Baba? Umefuata nini huku mbali?"

Huku mbali! Moshi wa tanuri letu ulikuwa unaonekana pale pale.

Tulimlaza, na alipoamka jua lilikuwa la siku nyingine. Nikamuuliza habari ya kamba.

"Kilikuwa kinaanguka kila saa, mama. Nikachoka kuinama kukiokota."

 Baba yake alichukua kisu cha mkate, akakata kamba, kijiko akakirudisha jikoni. Tangu siku hiyo na yeye akisinzia huenda kulala, mimi nabaki na tanuri.

Binti akataka kuendelea na safari. Nikasimama mlangoni.

"Umechoka?"

"Hapana, ma..."

"Rudi ukalale."

Kesho yake hivyo hivyo. Alininunia, akagoma kula, mimi na mlango wangu. Mpaka asubuhi moja akakaa kwenye gunia la unga, machozi yakamtoka. "Nimechoka, mama. Magoti yananiuma. Na lile lori naliogopa mpaka sasa."

Hapo ndipo nilipompisha njia.

Mwenzangu, mtoto akikuambia hachoki tena, usishangilie. Mfuate huko huko aliko.

Wangu yuko barabarani, na kila jua likianza kushuka anatafuta pa kulala. Jana alipiga simu akalalamika miguu, akalalamika mgongo, akalalamika joto, mpaka chaji ikamwishia katikati ya maneno. Nikaweka simu chini, nikala chakula changu chote.