Dirisha la Upande wa Mashamba

Fumie alichagua viti vya upande wa mashamba, maana huko ndiko mama yake angesimama. Binti yake Konoha, mwenye miaka sita, alijua tu kwamba wanapanda treni ya moshi, na kwamba wakifika Hinokura watamwona bibi.

"Bibi ataingia humu?"

"Haingii mtu, mwanangu. Treni haisimami Hinokura siku hizi. Inapunguza mwendo tu, watu wapige picha."

"Sasa tutamsalimiaje?"

"Kwa mkono. Atatupungia, na sisi tutampungia."

Alilisema kama jambo jepesi.

Baba yake, ambaye ujana wake wote alichochea makaa kwenye injini za njia hiyohiyo, alifariki majira ya theluji mwaka juzi. Wiki hiyo Konoha alilazwa hospitali, mapafu yamejaa maji, anapumulia mashine. Fumie hakuondoka kitandani pake. Alipofika Hinokura, mwili wa baba ulikuwa umeshachomwa moto, na ndugu wameshaiokota mifupa yake kwa vijiti, wawili wawili, kama ilivyo desturi ya mazishi ya kwao, mpaka chungu cha kuihifadhia kikajaa na kuzungushiwa kitambaa cheupe. Vijiti vya mtoto wa pekee, vilivyokuwa vyake yeye Fumie, vilishikwa na jirani. Fumie alijieleza huku analia. Mama yake, Bi Yasue, hakulia.

"Mwanao alikuwa na madaktari, alikuwa na wauguzi," alisema. "Baba yako alikuwa na nani wa kumwokota?"

Neno la mwisho lilikuwa hilo. Simu ikawa inaita mpaka inachoka. Safari moja Fumie alikwenda na mtoto mkononi, akavikuta viatu vya mama mlangoni. Alibisha. Ndani redio ikapunguzwa sauti, na mlango haukufunguliwa.

Jirani wa mama yake, Bi Hisano, ndiye aliyempa wazo. "Mama yako siku hizi ana cheo," alimwambia kwenye simu. "Kila Jumapili tunavaa suruali za shamba za kizamani, tunajipanga kando ya reli kuwapungia watalii. Ukilegeza mkono, yeye ndiye anakukaripia. Huku nyumbani usije kwanza, utaumia bure. Panda hiyo treni. Pale shambani hana mlango wa kukufungia."

Mbele yao alikaa mzee mmoja mwenye kamera kifuani, Mzee Kurimoto, aliyekwisha kula wali wake wa kwenye kiboksi kabla treni haijaondoka.

"Ikilia honi mara mbili, fungeni dirisha, kuna handaki," aliwaonya. "Mwaka jana nilizubaa, nikatoka mweusi. Mke wangu akaniuliza, wewe umepanda treni au umeisukuma?"

Konoha alicheka mpaka akakohoa. Fumie akamsugua mgongo. Kile kikohozi, hata kikiwa cha kicheko, kilikuwa hakijaacha kumtisha.

Baada ya handaki bonde likafunguka, mpunga ukiwa wa manjano mpaka miguuni pa milima. Kondakta akatangaza kwamba wanaikaribia Hinokura, na kwamba wenyeji watawapungia. Tafadhali, nanyi wapungieni. Magurudumu yakalegeza mwendo. Fumie akamsimamisha mtoto juu ya kiti, akamkumbatia kiunoni, wote wawili dirishani.

Wakawaona. Wanawake kama kumi, kofia za majani, mikono juu. Wa kwanza kabisa ni Bi Yasue, amekonda, anapunga kwa mkono mzima kuanzia begani, na anatabasamu. Fumie alikuwa amelisahau tabasamu lile. Lilimwangukia kila mtu, behewa kwa behewa, likaja, likaja, likafika kwao.

Mkono ukasimama hewani.

"Mama," Fumie alisema.

Bi Yasue alimtazama. Akamtazama na mtoto, kwa muda mrefu zaidi. Kisha akaushusha mkono, akabana mikono yote miwili mapajani, akainama kutoka kiunoni, chini kabisa, akabaki hapohapo.

Fumie alikuwa muuza keki katika duka kubwa mjini. Kuinama kule alikujua. Aliinama hivyo kutwa nzima kwa watu asiowajua, karibuni, asanteni, tena karibuni. Ni heshima ya kumpa mgeni aliyelipa. Hakuna mama anayemwinamia hivyo mtoto aliyemzaa.

"Mbona bibi hajanipungia mimi?" Konoha aliuliza, mkono wake bado uko nje.

"Amekusalimia. Ile ni salamu kubwa."

"Mimi nilitaka ile ndogo."

Mzee Kurimoto alikuwa ameishusha kamera. Alichungulia mfuko wake, akatoa chungwa, akaanza kulimenya taratibu.

Mwisho wa njia injini iligeuzwa, abiria wakanunua maandazi na kupiga picha. Fumie alikaa kwenye benchi akiyatazama mabasi. Lipo moja linalopita Hinokura. Aliliangalia likiondoka.

Walipokuwa wanarudi, kondakta alipotangaza tena, Fumie alimgeukia yule mzee.

"Mzee, naomba unishikie mtoto dirishani. Mshike vizuri kiunoni."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa hapa chini. Akiniona, atainama tena."

"Binti yangu, chini kuna masizi."

"Najua."

Alichuchumaa kati ya viti, kichwa chini ya dirisha, akaegemea ubao unaotetemeka. Hakuona shamba wala mlima, aliona soksi za mwanawe tu. Mwendo ukapungua. Alihesabu pumzi zake, akapoteza hesabu.

"Mama," Konoha aliita kutoka juu. "Anapunga. Anapunga mikono miwili. Mama, anakimbia pembeni ya treni."

"Mpungie," Fumie alisema. "Usiache."

"Anasema kitu, sisikii. Inuka umwone."

Fumie aliishika miguu ya mtoto isiteleze. Hakuinuka.

"Mpungie tu, mwanangu. Mpaka asionekane."