Mwendo wa Santuri ya Cleotis Ballard

Cleotis Ballard alirekodi santuri moja tu maishani mwake, na kwa miaka arobaini na minne aliipiga marufuku nyumbani kwake. Si kwamba ilikuwa mbaya, la hasha. Wapenzi wa jazi waliitafuta kama dawa. Ilirekodiwa mwaka 1961 kwenye chumba cha chini cha kanisa, upande wa mashariki wa Detroit, yeye akiwa na miaka ishirini na minne, na ngoma zake zilikwenda kasi mpaka watu wakambandika jina la Mikono Minne. Taabu ni kwamba kila alipopanda jukwaani baada ya hapo, ile mikono miwili ya ziada haikutokea.

Alijaribu, jamani. Alifanya mazoezi mpaka kifundo cha mkono wa kulia kikavimba kama kiazi. Alibadilisha vijiti, akabadilisha kiti, akaacha pombe, akarudia pombe. Mwaka 1968, kwenye klabu moja iliyojaa mpaka mlangoni, mlevi fulani akapaza sauti, "Piga kama kwenye santuri, babu!" Babu! Mtu wa miaka thelathini na mmoja. Watu wakaangua kicheko. Cleotis akamaliza wimbo, akafungasha ngoma zake, na Jumatatu akaenda kuomba kazi ya kuendesha basi la jiji. Aliamini kipaji kilimtembelea mchana mmoja tu kikaenda zake, na hilo alimwambia mkewe Verlene peke yake.

Sasa alikuwa na miaka sabini na mitano, amestaafu, na sebuleni kwake alikuwa ameketi mwanamke wa miaka arobaini hivi aitwaye Yolanda Whitlow. Yolanda alikuwa fundi wa sauti. Kampuni yake ndogo ilitaka kuitoa upya ile santuri kutoka kwenye utepe wenyewe wa mwaka 1961. Verlene ndiye aliyemsumbua mumewe mpaka akatia sahihi. Lililobaki ni yeye kusikiliza na kusema ndiyo au hapana.

"Hapana," alisema Cleotis.

"Hujasikiliza bado, mzee."

"Ile kelele naijua. Nimeikimbia tangu wewe hujazaliwa."

"Cleotis, mwache mtoto wa watu aseme kilichomleta!" Verlene alipaza sauti kutoka jikoni. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa Verlene hukaanga samaki, iwe mvua iwe theluji. "Amekuja na barafu yote hii njiani, halafu wewe unamnunia."

Yolanda alikuwa ameweka spika mbili mezani, lakini hakuziwasha. Alikuwa anapindapinda waya. Cleotis, aliyebeba abiria miaka thelathini, alimjua mtu mwenye neno zito kooni.

"Sema, mwanangu. Utepe umeoza?"

"Utepe ni mzima. Afadhali ungeoza." Akavuta pumzi. "Mzee Ballard, nyuma ya muziki kuna mvumo wa umeme. Mdogo sana. Kwa kawaida kazi yangu ni kuufuta. Sasa, mvumo huo hapa kwetu una sauti moja tu, uwe Detroit, uwe Chicago, haupandi haushuki. Kwenye utepe wenu umepanda. Na kila kitu kingine kimepanda nao."

"Piano ya kanisa lile haikuwahi kufuata sauti hata siku moja."

"Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Wote waliilaumu piano." Yolanda aliangalia mikono yake. "Mashine ya kurekodia ilikuwa inazunguka polepole siku ile. Ikizunguka polepole wakati wa kurekodi, ukija kuupiga utepe kwa mwendo wa kawaida, kila kitu kinakimbia. Santuri ile inakimbia, mzee. Imekimbia miaka yote hii."

Jikoni mafuta yalikuwa yanachemka.

"Nimeleta matoleo mawili," Yolanda aliendelea kwa haraka. "Moja la kasi, lile watu wanalolijua. La pili ni la mwendo wa kweli. Ukitaka litoke la kasi, mimi nimenyamaza, hakuna atakayejua. Sikuja kukuvunjia jina."

"Kwa hiyo mimi sikupiga vile."

"Hukupiga vile. Samahani sana."

"Ngoja kwanza. Wakati ule nilipokuwa najiua kwa mazoezi, nikifukuza ile santuri, nilikuwa namfukuza nani?"

Yolanda aliuweka ule waya mezani. "Hukuwa unamfukuza mtu, mzee. Hakuna binadamu aliyepiga vile siku ile."

Verlene alikuwa amesimama mlangoni, uma wa kukaangia mkononi. "Ilikuwa Ijumaa," alisema taratibu. "Cleotis, ilikuwa Ijumaa! Mchungaji aliwapa chumba siku ya sisi wanawake kukaanga samaki wa kuchangia kanisa, kwa sababu siku nyingine kilifungwa. Tulikuwa na vikaango vya umeme vitatu pale nyuma ya pazia. Taa zilikuwa zinafifia, hukumbuki? Yule bwana wa mashine alichomeka waya wake ukuta uleule."

"Vikaango vitatu!" Yolanda alishika kichwa. "Maskini mashine, itapata wapi nguvu?"

Cleotis alimgeukia mkewe. "Samaki wako, Verlene! Samaki wako ndio walioniua!"

"Samaki wangu ulikula sahani tatu siku ile, tena ukaomba ya kubeba! Usinianze."

Yolanda aliogopa ugomvi. Hakuwajua hawa watu. Cleotis alikuwa ameanza kucheka, kicheko cha kukohoa, halafu katikati ya kicheko hicho uso wake ukakunjamana, akalia waziwazi mbele ya mgeni. Verlene akaja akakaa kwenye mkono wa kochi, mafuta ya uma yakimdondokea mapajani, na hakuyajali.

"Miaka arobaini na minne," alisema Cleotis. "Kila kituo cha basi, najiambia mimi ni kopo tupu. Hasira niliyonayo, Verlene, sijui hata nimkasirikie nani."

"Kasirika. Ila sikiliza kwanza."

Akatikisa kichwa kukubali. Yolanda akawasha.

Loo! Kwenye santuri ya zamani matoazi yalikuwa membamba, yakichachatika bila kupumua. Hapa yalikuwa na uzito wa shaba, na kabla ya kila mlio ulisikia ncha ya kijiti ikigusa. Ngoma kubwa ya mguu iliingia chini, ukaipata kwenye mbao za sakafu. Besi ilikuwa na tumbo. Na mwendo ulikuwa bado wa kasi, msidanganyike, kijana yule alikuwa moto. Lakini alikuwa anakaa nyuma kidogo ya mdundo, kama mtu anayejua basi halitamwacha. Kitu hicho hakikuwamo kabisa kwenye santuri. Cleotis alikisikia, na vidole vyake vikaanza kugonga paja. Vilichelewa, vikakosea, mkono wa kulia ulikuwa na ubishi wake wa uzee. Lakini vilijua kila pigo lilipokuwa.

"Huyu namjua," alisema. "Kama huyu ningepiga wiki nzima bila kutoka jasho."

Wimbo ukaisha, toazi likafifia, na hapo ikatokea ile sauti. Kila mwenye santuri anaijua: mwisho kabisa, mtu anaita kwa mbali kwamba samaki wameiva. Wasikilizaji walidhani ni msichana wa shule. Verlene alikuwa amesema tangu mwaka 1961 kuwa ni yeye, na Cleotis alikuwa amembishia tangu mwaka huohuo. Sasa sauti ilitoka nzito, yenye mikwaruzo kidogo, ya mwanamke mzima wa miaka ishirini na miwili asiyependa chakula kipoe.

Cleotis alimtazama mkewe.

"Nilikwambia," alisema Verlene, akajifuta macho kwa kiwiko.

"Toa hili," Cleotis alimwambia Yolanda. "Hili hili."

"Watasema Mikono Minne alikuwa na miwili tu."

"Waambie miwili ilitosha. Na kwenye jalada andika habari ya vikaango. Andika na jina la aliyekuwa anakaanga."

Verlene akarudi jikoni kuokoa alichoweza. Cleotis akainuka, akafungua kabati la ukumbini, akasukuma makoti ya baridi, nyuma yake akatoa ngoma ndogo iliyofungwa kwa blanketi la zamani. Ngozi ilikuwa imelegea. Akaiweka juu ya kiti, akaikaza kidogo huku na huku, akamwomba Yolanda aanze tena mwanzo.

"Samaki wameiva!" Verlene aliita.

Hakuitikiwa. Akaita tena, akaja mpaka mlangoni na sahani, akamkuta mumewe ameinamia ngoma, mdomo wazi, nyuma kidogo ya mdundo. Akaifunika sahani kwa sahani nyingine, akakaa kusubiri.