Njegere Sikioni mwa Doña Ofelia

Kazi yangu ni kunong'ona. Hapa Meksiko tamthilia hurekodiwa vipande ishirini kwa siku, na hakuna binadamu awezaye kukariri yote hayo. Kwa hiyo mwigizaji hutiwa kidude sikioni, tunakiita njegere, nami kwenye kibanda changu cha vioo humsomea kila sentensi kabla hajaitamka. Yeye hupewa maua, mimi hupewa kahawa iliyopoa.

Mwigizaji wetu mkongwe Doña Ofelia Barrientos, na doña kwetu ni kama kusema Bi, aliidharau njegere kwa miaka thelathini. "Hiyo ni ya wavivu na wajinga," alikuwa akisema mbele za watu, nami nipo. Basi siku aliponijia mwenyewe kuomba njegere ya siri, ya kufichwa chini ya nywele, moyoni nilifurahi. Naungama. Alikuwa ameanza kusahau, na mtayarishaji alishatoa onyo: akichelewesha kazi tena, bibi wa tamthilia anayemwigiza ataanguka ngazi afe. Kwetu mhusika asiyetakiwa huanguka ngazi.

"Lencho, mwanangu, hili libaki kati yetu," aliniambia.

"Mimi kaburi, doña Ofelia."

Mwingine aliyejua ni Hilario tu, fundi wa sauti, niliyekaa naye kibandani.

Jumanne ile bibi wa tamthilia alikuwa agawe urithi mbele ya wanawe. Tulirudia mara saba. Nilimsomea polepole, nikamsomea haraka, bado alikwama katikati na kututolea macho. Saa ya kula ilipita, tamale zetu za unga wa mahindi zikapoa kwenye masufuria. Ili nisikike lazima nibonyeze kitufe muda wote, na kidole kilikuwa kimekufa ganzi, nikakibana kitufe kwa kipande cha utepe. Ni mchezo wetu wa siku zote. Ila mwigizaji anapofika pa kunyamaza lazima uubandue, nami kwa hasira nilisahau.

Mara ya nane alifika vizuri mpaka pale karatasi inaposema bibi ananyamaza, anawatazama wanawe. Nikamgeukia Hilario, nyongo imenipanda.

"Bibi huyu kwisha habari yake. Limebaki ganda tu. Kila mtu hapa anajua, ila hakuna mwenye moyo wa kumwambia."

Hilario akanishika mkono. Kule mbele ya kamera doña Ofelia alikuwa amefumbua mdomo.

"Bibi huyu..." Akajigusa kifua. "Bibi huyu kwisha habari yake. Limebaki ganda tu." Akawatazama wale wanawe wa uongo, mmoja mmoja. "Kila mtu hapa anajua."

Akaishia hapo. Machozi yakamtoka, na hayakuwa ya dawa. Mimi nilikuwa ninang'oa utepe kwa kucha.

"Kata!" Mwongozaji Evaristo alimkimbilia, karibu ambusu miguu. "Mama! Maneno hayo hayamo kwenye karatasi! Umeyatoa wapi?"

Doña Ofelia akatazama upande wa kioo changu. Angesema neno moja tu, ningefukuzwa kazi mchana uleule, na haki ningestahili.

"Yamenijia tu, mwanangu."

Watu wakapiga makofi, kuanzia wapambaji wa nyuso hadi mafundi wa taa. Nami nikapiga. Sijui mikono yangu ilipata wapi ujasiri huo. Hilario hakupiga, alitazama mitambo yake.

"Wewe ni nguruwe, Lencho," alisema bila kugeuka. "Nenda kamwangukie."

Sikwenda. Yeye ndiye aliyekuja, shali begani, njegere ameifungia kwenye leso. Hilario akatoka bila kuambiwa. Nilitaka kusema nisamehe, lakini akaniwahi.

"Usihangaike," alisema. "Nilipolisema neno lile la kwanza nilijua si la karatasini. Lakini nimezoea kufuata sauti yako. Na Evaristo kafurahi, sivyo? Wiki hii ngazi nimeiponyoka."

"Doña Ofelia, mimi..."

"Ngoja. Baada ya 'kila mtu hapa anajua' ulisema kitu kingine, sikukidaka. Masikio nayo yanaanza." Aliweka njegere mezani mbele yangu. "Kilikuwa nini, mwanangu? Niambie."

Nikainamia karatasi zangu. Yeye akangoja, kichwa kakiinamisha upande kidogo, na mimi sikumwambia.