Koti la Kumsindikiza Dada

Mimi si mtu wa kinyaa. Kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali, na hakuna kinachotoka mwilini mwa binadamu ambacho sijakishika, kwa glavu na bila glavu. Nyumbani wananiita Povu, kwa sababu ya sabuni, na pia kwa sababu nikikasirika povu linanitoka. Nasema haya mapema ili nikikuambia kwamba wiki ile nilitaka kutapika, usidhani nadeka.

Dada yangu mkubwa na mumewe walikuwa wanaenda kutalii na meli kwenye bahari ya baridi. Wangepanda ndege kwanza, washukie kwenye mji wa bandari huko kwenye theluji, halafu waingie melini waelee katikati ya vipande vya barafu vikubwa kama maghorofa, huku wanakula na kupigana picha. Shemeji ni meneja wa bima, pesa si tatizo. Lakini dada hakutaka kununua nguo za baridi dukani. Alisema ni ujinga kununua kitu uvae mara moja halafu ukifungie kabatini kiliwe na nondo. Akaja kwa mama, ambaye amekuwa akifuma masweta tangu kabla sisi hatujazaliwa, akakaa, akakunja nne, akasema, "Mama, safari hii utanisindikiza."

Neno lenyewe ni hilo tu. Mama, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda kumzika mdogo wake, akauliza huko kuna baridi kiasi gani. Dada akamwambia ni baridi ya kung'oa masikio. Mama akaanza kufuma siku hiyohiyo. Kabla ya wiki kwisha, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba anakwenda kuona barafu na mwanawe. Akaenda kwa mpiga picha, akapiga picha za pasipoti, uso umenyooka kama alivyoagizwa, akampa dada. Dada akazitia kwenye mkoba wake, akasema, "Umetoka vizuri, mama. Mambo ya makaratasi niachie mimi." Sasa niambie, mtu wa namna gani akisikia hivyo hatajua kwamba anasafiri?

Basi mimi nikawa mfungashaji wa watu watatu. Nikitoka kazini napitia kwa mama, tunafungua simu yangu, tunatazama video za watu waliokwisha kwenda huko. Tukajifunza kwamba huvai nguo moja nzito, unavaa tatu nyepesi: ya ndani inyonye jasho, ya kati ishike joto, ya nje izuie upepo na maji. Pamba usivae ndani, maana ikilowa hailowi peke yake, inakulowesha na wewe. Soksi ziwe za sufi. Glavu jozi mbili, nyembamba chini na nene juu. Miwani ya jua usisahau, kwa kuwa theluji inaumiza macho kuliko lami ya mchana. Mama alikuwa akiyakariri kwa sauti huku sindano zinagongana, ya ndani, ya kati, ya nje, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Sijawahi kumwona na furaha vile tangu baba afariki, na nilikuwa nasali kimoyomoyo isimtoke.

Koti lake tulilipata mitumbani. La bluu, refu hadi magotini, lina kofia, maji hayapiti. Lakini lilikuwa linanuka mbwa aliyenyeshewa. Mfukoni nilikuta tishu ya mtu iliyokaukia makamasi, na pipi iliyolambwa nusu ikagandamana na bitana. Nikalifua mara tatu. Mara ya tatu mama akalinusa, akasema sasa linanuka mtu. Dada yeye alijinunulia lake, lenye manyoya shingoni, jembamba, la kupendeza. Nikamwambia hilo upepo utaingilia mbele utokee mgongoni. Akanijibu kwamba mimi ni mtaalamu wa mashuka, nibaki kwenye mashuka.

Na shemeji. Jamani, shemeji. Alikuja siku moja kujaribu zile nguo za ndani za kubana, akazivaa, akatoka nazo sebuleni mbele ya mama mkwe wake. Kitambi kiko huku, vingine vyote viko wazi kama ramani. Mama akainama kwenye ufumaji wake. Badala ya kuona aibu, shemeji akakaa kwenye kochi juu ya madonge ya sufi, akaomba wembe, akaanza kukata kucha za miguu. Kucha zinaruka, zinaingia kwenye uzi wa mama. Nilikaa baadaye nazichambua moja moja, za njano, nene, na nikajiuliza hivi dada huwa analala na hiki kitu usiku kucha.

Siku moja kabla ya safari nilibeba begi la mama, nikaenda kwa dada tufunge mabegi. Begi lake lilikuwa limejaa magauni na viatu vya visigino virefu, eti kuna jioni ya kula chakula na nahodha. Vitu vyote vya maana vilikuwa kwenye begi la mama: soksi, kofia, masweta, dawa za kichefuchefu, mafuta ya midomo. Dada mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema, "Weka kwa mama, begi lake lina nafasi." Tukapima. La dada likazidi uzito. Nikamwambia aniachie buti zake nizihamishie kwa mama, mko watatu, kila mtu ana haki ya begi lake.

Dada akacheka. "Watatu kina nani?"

Nikamwambia wewe, shemeji na mama. Akanitazama kama mtu aliyesikia kelele jikoni. Akasema alimwambia mama atamsindikiza, na kusindikiza ni kufika uwanja wa ndege, kupunga mkono, kurudi nyumbani. Tangu lini kusindikiza kukawa kusafiri? Nikamuuliza kuhusu picha. Akasema mama alizileta mwenyewe, sasa amrudishie? Zimo kwenye droo huko. Nikamuuliza kwa nini miezi yote hii hakumwambia, na anaona mama anavyojiandaa.

Hakuwaza hata kidogo. "Ningemwambia mapema," akasema, "nani angefuma?"

Nikasimama na ile buti mkononi. Mate yalinijaa mdomoni, yale membamba yanayotangulia matapishi. Nimezoea damu, nimezoea usaha, lakini harufu ya neno lile sikuwahi kukutana nayo. Nikamwambia amwambie mama leo, kabla jua halijazama, kwa mdomo wake. Akasema atamwambia. Shemeji alikuwa mlangoni anatafuna, na mabaki yamemganda kwenye ndevu. Akasema tusikuze mambo, mama ni mtu mzima, ataelewa.

Hakumwambia. Jioni nilimrudishia mama begi lake, nikamkuta anapiga pasi gauni lake la kulalia, na nikaamua kulisema mimi. Nikamwambia wazi: mama, huna tiketi, huna pasipoti, huendi. Mama akacheka, akaiweka pasi kando. Akaniambia, "Povu mwanangu, wivu utakutia vidonda vya tumbo." Nikamweleza kuhusu lile neno la kusindikiza. Akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepewa jibu la kijinga. "Mgeni ndiye anayesindikizwa mpaka njia panda. Mtoto wako unamsindikiza mpaka afike."

Nikamwambia basi mpigie. Akampigia, simu akaiweka sauti ya nje. Akamuuliza dada kama kila kitu kiko tayari. Dada akajibu, "Wewe pumzika tu, mama. Kesho tunakupitia mapema." Mama akakata simu, akanitazama, akarudi kwenye pasi yake. Ningefanya nini tena? Ningemvua furaha kwa nguvu?

Asubuhi alitoka nje amevaa zote tatu. Ya ndani, ya kati, ya nje, kofia ya sufi masikioni, glavu mikononi, begi limesimama pembeni. Ilikuwa joto la kuyeyusha lami, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Akaniambia amezivaa ili begi liwe jepesi, walisema hivyo kwenye video. Majirani wakamuaga, mmoja akamwagiza amletee kipande cha barafu, watu wakacheka, naye akaahidi.

Gari la shemeji likafika. Dada alipomwona, akaangalia pembeni. Tukapanda wote, na njia nzima nilisubiri aseme. Aliongea na simu, alipaka rangi ya mdomo, alimwambia shemeji apunguze mwendo. Kwa mama hakusema kitu. Mama alikuwa na begi dogo la mkononi mapajani, anatazama nje kama mtu anayeiaga mitaa.

Mlangoni pa uwanja wa ndege mlinzi anaruhusu abiria tu. Shemeji akaonyesha tiketi yake, akapita. Dada akaonyesha yake. Mlinzi akamsalimia mama kwa adabu, akaomba tiketi na pasipoti. Mama akamgeukia dada.

"Mama," dada akasema, "si nilikwambia utanisindikiza? Sasa ndiyo umenisindikiza. Ahsante sana."

Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika, na hapo dada akakumbuka soksi. Akalivuta begi la mama pembeni, akachuchumaa, akalifungua palepale sakafuni, mbele ya miguu ya watu. Akawa anatoa na kutupa. Soksi, huku. Kofia, huku. Sweta, huku. Nguo za ndani za mama, chupi zake na sidiria yake ya zamani, zikabaki sakafuni, na mtu mmoja akazikanyaga kwa gurudumu la begi lake. Gauni la kulalia lililopigwa pasi likawa chini kama tambara la kufutia.

Alipomaliza akasimama, akampima mama kwa macho kutoka kichwani mpaka magotini. Nilijua anachotaka kusema kabla hajasema, na nikaomba Mungu nisiwe nimejua.

"Mama, na hilo koti," akasema. "Utalifanyia nini huku na joto hili? Langu mdogo wangu anasema litapitisha upepo."

Mama akashusha zipu. Akalivua polepole, mkono mmoja, mkono wa pili, akalikunja vizuri, bitana ndani, akampa. Akamrekebishia na ukosi wa blauzi. Kisha akakunja mikono yake kwapani, akasimama hapo na sweta lake lililolowa jasho mgongo mzima.

Hapo ndipo povu liliponitoka. Nikamwambia dada kwamba ninafua uchafu wa watu wote wa mji huu, wagonjwa na waliokufa, na wote unatoka kwa maji ya moto. "Wako hautoki," nikamwambia. "Nenda. Na ukirudi usipitie kwetu." Akasema nimemwaibisha mbele za watu. Shemeji, aliyekuwa ameshapita, alikuwa ng'ambo ya kioo anajipiga picha.

Nikaokota nguo za mama, nikazikung'uta, nikazirudisha begini. Tukatafuta teksi. Mama akakaa nyuma pamoja nami, jua linatupiga usoni. Tulipofika kwenye mzunguko ndipo nilipoona bado ana glavu mikononi, zile nene za rangi ya udongo. Dada hakuzikumbuka, maana mama alipokwisha kumpa koti alizificha kwapani.

"Mama, vua glavu," nikamwambia.

"Ziache," akasema. "Naona baridi."

Nikamwomba dereva apunguze kiyoyozi. Akanitazama kwenye kioo, akasema kiyoyozi cha gari lile kilikufa tangu mwaka jana.