Wimbo wa Joachim na Chumvi ya Ng'ombe

Joachim Kalinga alisusa redio yake mwenyewe siku kumi na saba, na aliyepata taabu ni mimi jirani yake. Kila jioni alikuja barazani kwangu, akakaa juu ya tairi bovu, akanitazama nikiziba pancha huku akinieleza jinsi alivyoonewa.

Kisa chenyewe ni wimbo. Mwaka sabini na sita hapa Ilomba hakukuwa na mtu asiyeujua wimbo wa "Nisubiri Mlangoni" wa bendi ya Isyesye Jazz. Tuliupenda wote, kila mtu kwa kiasi chake. Joachim, fundi cherehani mzaliwa wa Igowole, yeye hakuwa na kiasi. Santuri yake aliiviringisha kwenye kipande cha satini kilichobaki kwenye gauni la mteja, na mtu akitaka kuishika sharti anawe mikono. Wimbo huo ndio uliokuwa ukipigwa siku Roza alipoingia dukani kwake kushonewa blauzi. Roza ni binti wa Mzee Budeba, Msukuma mfugaji aliyehamia Ubaruku, bonde la Usangu, na ng'ombe wake wote. Joachim akaanza kumwandikia barua, na kila barua ilikuwa na ubeti wa ule wimbo. Nayajua haya kwa sababu mshenga nilikuwa mimi, Timotheo, na barua nilizisoma zote kabla ya kuzifikisha.

Basi jioni moja, kwenye matangazo ya biashara kabla ya taarifa ya habari, redio ikapiga gitaa letu lile lile, ila la haraka haraka, na sauti ile ile tuliyoizoea ikaimba:

*Wasubiri zizini, ng'ombe wako,*
*jua likizama Chumvi Nundu yafika.*
*Lamba, lamba, lambaaa!*

Likafuata debe, kwa-kwa-kwa, kisha mtu mzima mwenye akili zake akalia "mooo".

Joachim alijichoma sindano kidoleni. Alizima redio, akaigeuza ielekee ukutani.

Mimi niliona anajisumbua bure, na nilimwambia hivyo. Lakini sitaki kuwa mnafiki: niliposikia yule bwana akilia "mooo" mahali ambapo gitaa ndilo hulia, na mimi niliumia.

Joachim akaandika barua ya kurasa tisa kwenda redioni. Hakujibiwa. Akaunda Kamati ya Kutetea Wimbo, yenye wanachama watatu: yeye, mimi, na Lea muuza maandazi, aliyetia sahihi akidhani ni orodha ya wanaodai bomba la maji. Mwisho tukamwendea Jailos, mpiga gitaa wa bendi.

"Mmeuza wimbo wetu," Joachim alimwambia.

"Wimbo wenu?" Jailos akauliza. "Mlikuwepo nilipoutunga?"

"Wewe umeutunga mara moja. Mimi nimeuimba kila siku miaka miwili."

"Wenye chumvi wametupa spika mpya," Jailos akasema. "Njoo Jumamosi uisikilize." Tukaondoka. Njiani Joachim akaapa kwamba maneno ya chumvi hayatatoka kinywani mwake hata siku moja, na wimbo wa Roza ataulinda yeye peke yake.

Kilichommaliza ni Roza mwenyewe. Tulipokwenda Ubaruku kupanga siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari, tulimkuta uani anapepeta mchele, na anaimba. Joachim akatabasamu kusikia sauti yake, kisha yakaja maneno. Lamba, lamba, lambaaa. Roza hata hakututazama, aliendelea kupepeta kwa mdundo wa debe. Joachim hakula chakula siku ile.

Sasa, mtu wa Igowole anajua mahindi, anajua njegere, anajua hata baridi. Ila ng'ombe, hao hawajui. Joachim alinunua ng'ombe wake kumi na wawili huko huko Usangu kwa mfugaji anayeitwa Seni, ambaye redio yake aliitundika kwenye nguzo ya zizi. Seni akatuambia, "Hizi ng'ombe hazina taabu. Zimezoea redio. Likija lile tangazo la..."

"Basi, ndugu yangu," Joachim akamkatiza, na akaziba masikio kwa mikono miwili mbele ya mtu mzima. "Hilo tangazo usinitajie." Seni alinitazama mimi. Nilimwonyesha kwa macho aachane naye. Hapo na mimi nilikosea.

Siku ikafika. Kwa Mzee Budeba ng'ombe wa mahari hukaguliwa uani mbele ya ukoo, meno na kwato, na mkwe ndiye anayewaingiza zizini. Joachim alivaa suti aliyoishona mwenyewe, rangi ya maziwa, suruali pana chini kama mtindo wa wakati ule. Kashindye, shangazi yake Roza, akaipokea suti ile kwa kigelegele kikali karibu kabisa na ng'ombe wa mbele, yule mwekundu. Mwekundu akaruka. Wengine wakamfuata, wakavunja ua wa miiba, wakaenda moja kwa moja kwenye mpunga wa jirani, wakaanza kula.

Vijana wakasimama wakimbie kuwarudisha, Mzee Budeba akawazuia kwa fimbo.

"Acheni," akasema. "Ng'ombe ni zake. Aziite yeye."

Joachim akapiga mluzi. Akasema "njooni" kwa adabu zote. Ng'ombe wakaendelea kula.

"Ng'wanawane, mwanangu," Mzee Budeba akamwambia kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. "Ng'ombe zako hazikujui. Mimi binti yangu nampa mtu ambaye hata ng'ombe hazimwitikii? Nitafikiri kwanza. Labda mwakani."

Joachim akageuka mweupe kuliko suti. Akafanya jambo pekee alilolijua. Alisimama ukingoni mwa jaruba, akafumba macho, akaimba "Nisubiri Mlangoni", ule wa kweli, polepole, tangu ubeti wa kwanza. Aliimba vizuri, na kina mama wawili walipangusa macho. Hakuna ng'ombe aliyeinua kichwa.

Ndipo dirisha la nyumba likafunguka kidogo, na sauti ya Roza, ambaye hakutakiwa kuonekana wala kusikika siku ile, ikatoka:

"Joachim. Imba ya chumvi."

Joachim alinitazama mimi, mwanakamati mwenzake, nami nikatazama viatu vyangu. Kisha akavuta pumzi.

"Wasubiri zizini, ng'ombe wako..."

Mwekundu akainua kichwa.

"...jua likizama Chumvi Nundu yafika..."

Wote kumi na wawili wakageuka. Nikaokota debe la maji, nikalipiga kwa-kwa-kwa, maana mshenga ana kazi zake. Na Joachim Kalinga, mbele ya ukoo mzima wa mke wake mtarajiwa, akaimba lamba, lamba, lambaaa, akamalizia kwa "mooo" ndefu kuliko ile ya redioni. Ng'ombe walimjia mbio. Akarudi kinyumenyume hadi zizini huku anaimba, nao wakamlamba uso, kola na mifuko yote ya suti wakitafuta chumvi.

Mzee Budeba alicheka mpaka akakalia fimbo yake. "Zimemkubali," akasema. "Mimi nani nikatae?"

Roza akatoka na beseni la maji, ruhusa akajipa mwenyewe. Alimnawisha Joachim uso, na huku akinawisha aliimba kwa sauti ndogo "Nisubiri Mlangoni", maneno yenyewe, hadi ubeti wa tatu ambao Joachim huukosea siku zote.

"Nilidhani umeusahau," Joachim akasema.

"Ile ya chumvi nachungia," Roza akajibu. "Hii sijawahi kuimbia ng'ombe."

Joachim akalia wazi wazi, kola imejaa mate.

Siku ya kumi na nane, Ilomba, aliigeuza redio kutoka ukutani. Tangazo lilipoanza hakulizima. Aliimba juu yake maneno ya kweli, kwa sauti kubwa kuishinda redio, na pale pa "mooo" akaniashiria, nami nikapiga debe. Lea akaja mbio na ndoo, akauliza kama bomba limefunguliwa.